Talaka haikuanza jana: ndoa za zamani zilishikiliwa na nini?

Mada ya ndoa ikiwekwa mezani, iwe redioni au msibani, swali halikosekani: mbona ndoa za siku hizi hazidumu? Na anayeuliza huwa na majibu yake tayari. Simu. Utandawazi. Wanawake wamesoma mno. Vijana hawana uvumilivu. Sisi tunaofundisha sosholojia tunapenda kuanzia nyuma zaidi. Zile ndoa za zamani zilishikiliwa na nini? Na je, kweli zilikuwa hazivunjiki?

Pwani zilikuwa zikivunjika, tena sana. Kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Unguja, mwanamke kuolewa mara mbili au tatu maishani mwake halikuwa jambo la kuwashangaza majirani. Anakaa eda, anarudi kwao, akipata mwenye kheri anaolewa tena, na safari hii sauti yake ina uzito kuliko alipokuwa mwari. Njia za kutoka zinajulikana: talaka ya mume, khului ambapo mke hujikomboa kwa kurudisha mahari, au kadhi kuivunja ndoa kwa faskhi. Watafiti waliokaa kwenye mahakama za kadhi za pwani ya Kenya na Zanzibar wamekuta kwamba wengi wanaofungua mashauri ni wanawake.

Bara nako hakukuwa na sura moja. Waluguru na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamke alilima ardhi ya ukoo wake na watoto walikuwa wa ukoo wake, kwa hiyo mume akikorofisha, aliyefunga virago alikuwa mume. Sasa linganisha na Wakurya wa Mara. Huko binti alitolewa ng'ombe, na ng'ombe hao hao kaka yake akaolea. Binti akisema amechoka na kurudi nyumbani, ng'ombe wanadaiwa, na ndoa ya kaka inatikisika pamoja na yake. Baba, kaka, wifi, kila mmoja ana sababu yake ya kumwambia, "Mwanangu, rudi ukavumilie." Ndoa ilidumu, ndiyo. Kama wawili wale walipendana, hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1950 mwanaanthropolojia Max Gluckman aliliandika jambo hili alipowalinganisha Walozi wa Zambia ya leo, ambao talaka kwao ilikuwa nyingi, na Wazulu wa Afrika Kusini, ambao kwao ilikuwa nadra. Wengi walidhani ng'ombe ndio waliozifunga ndoa za Wazulu. Yeye akasema ni kinyume chake: watu huthubutu kutoa ng'ombe wengi pale ambapo mfumo wa ukoo tayari umeifanya ndoa kuwa ngumu kuvunjika. Nakubaliana naye, na ndiyo maana siamini wazee wanaopandisha mahari siku hizi wakitumaini itamtuliza mkwe. Shilingi milioni tano haziwezi kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ukoo mzima wenye ardhi.

Na ukoo wenye ardhi ndio umelegea. Sensa ya 1967 ilikuta kwamba kati ya Watanzania 100, sita hivi tu waliishi mijini. Ile ya 2022 ikakuta karibu 35. Kijana anayepanga chumba Mbagala na kuuza vifaa vya simu Kariakoo hasubiri baba amkatie shamba ndipo aoe, na kwa hiyo baba hana tena cha kumshikia. Mke naye ana kibanda cha mama lishe na hisa zake za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Zamani aliyepigwa alijiuliza, "Nitakwenda wapi na watoto hawa?" Leo swali lipo bado, ila baadhi yao wana jibu. Wanasosholojia wa mrengo wa kutetea wanawake wanasema hapa hakuna maadili yaliyoporomoka: ndoa zilizokuwa zikidumu kwa kukosa pa kwenda ndizo zinazofika baraza la usuluhishi.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni uhai. Wakati wa sensa hiyo ya 1967 umri wa kuishi uliotarajiwa nchini ulikuwa miaka 42 hivi, na sasa umevuka 60. Ahadi ya "mpaka kifo kitutenganishe" imeongezewa miaka mingi bila wahusika kuulizwa. Ndoa nyingi tunazozikumbuka kuwa zilidumu zilivunjwa na mauti kabla wenyewe hawajapata nafasi ya kuzivunja.

Vipi kuhusu sheria? Uingereza ni mfano maarufu. Sheria mpya ya talaka ilipoanza kutumika England na Wales mwaka 1971, talaka zilitoka 74,000 hivi mwaka huo hadi 119,000 hivi mwaka 1972. Watu hawakuchukiana ghafla mwaka mmoja. Wengi walikwisha kutengana siku nyingi na walikuwa wakingoja karatasi tu. Tanzania Bara hadithi ni tofauti. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu tangu mwanzo mahakama kuvunja ndoa iliyoharibika kiasi cha kutorekebishika, na msingi huo haujabadilika kwa zaidi ya miaka 50. Anayesema sheria imerahisishwa siku hizi atafute sababu nyingine.

Wala tusikimbilie kusema usomi na miji huleta talaka kila mahali. Miaka ya 1950, watu wa kisiwa cha Java, Indonesia, na Wamalay wa Malaysia walikuwa miongoni mwa watu wenye talaka nyingi kabisa duniani. Mabinti waliozwa wadogo, kwa chaguo la wazazi, na wengi waliachika mapema. Waliposoma, wakachelewa kuolewa na kuanza kujichagulia, talaka zilishuka kwa miongo kadhaa. Usomi uleule unaolaumiwa kwetu uliwasaidia wale kubaki.

Mwanasosholojia Mwingereza Anthony Giddens amesema ndoa ya sasa inasimama kwa kadiri wawili wanavyoridhika nayo, basi. Kwetu hilo ni kweli nusu. Nenda kwenye kamati ya harusi: ina mwenyekiti, mweka hazina, kadi za michango na kundi la WhatsApp ambalo halilali. Ndugu wapo, na fedha wanatoa. Lakini harusi ikiisha kamati inavunjwa, na siku ya ugomvi wa kwanza hakuna mwenyekiti wa kumpigia. Kwenye baraza la usuluhishi utawakuta wawili wamekaa benchi moja wakiwa wamegeuziana migongo, mke ameshika bahasha yenye risiti za tofali na bati, mume ameambatana na rafiki wa kazini. Mshenga aliyezungumza mahari hayupo. Ukimuuliza mume, anasema alishahamia mkoa mwingine.

Gharama hizo hizo za harusi zinachangia kitu kingine, "sogea tukae". Kijana hana ya ukumbi, hana ya mahari, lakini anaye mwenzake na mtoto yuko njiani. Wakitengana, takwimu za talaka zilizosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, haziwaoni kabisa, na ndiyo sababu namba hizo peke yake hazitoshi kutuambia hali ya familia nchini. Mtaani utasikia eti miezi sita ya kuishi pamoja inatosha kuwa ndoa. Si kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinataja miaka miwili au zaidi, tena waliokaa hadi jamii ikawaona kuwa ni mume na mke. Hapo mahakama huchukulia kwamba walioana, na upande wa pili unaruhusiwa kuleta ushahidi wa kupinga. Hata dhana hiyo ikipingwa ikaanguka, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu matunzo na watoto.

Kwa waliofunga ndoa, shauri la talaka lazima lipitie kwanza baraza la usuluhishi, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, maarufu kama Fomu Namba 3, inayokwenda mahakamani pamoja na maombi. Na mke ambaye hakuwahi kuajiriwa asiambiwe hana chake: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika wakati wa kugawana mali iliyochumwa pamoja. Kiwango cha mgawo hutegemea ushahidi, kwa hiyo zile risiti za tofali na bati zitunzwe, na kiwanja kikinunuliwa majina yote mawili yaandikwe kwenye hati ya mauziano.