Je, wajua? Kwa nini rafiki wa dawati anaweza kuokoa maisha kabla hata mwalimu hajajua

Huku kwetu Malindi mtoto akianza kujitenga, haongei, chakula hataki, mmoja atasema ana shetani, mwingine atasema ni mapenzi hayo yatampita, alafu maneno yanaishia hapo. Lakini kesho asubuhi huyo mtoto ataenda shule atakaa na wenzake walewale, na wao ndio wataona kwamba ameacha kucheza mpira, ameanza kugawa vitu vyake, anasema maneno ya kuaga.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujitoa uhai, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Sasa wengi wetu tunadhani dawa ni kua na mwalimu mmoja wa gaidansi, yaani wa kuwashauri wanafunzi, ambae pia ana masomo yake ya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Yuafaa, sikatai. Lakini kuna utafiti ulitoka 2015 kwenye jarida la Lancet, ulifanywa kwa shule 168 katika nchi 10 za Ulaya, wanafunzi zaidi ya 11,000. Shule zingine waalimu walifundishwa kutambua dalili, zingine wanafunzi walijaza fomu na wenye shida wakaitwa wakaonane na wataalamu, zingine walibandikiwa mabango tu, na zingine wanafunzi wenyewe ndio walifundishwa, kama masaa matano hivi ndani ya wiki nne, wakaigiza visa vya kugombana nyumbani, stresi, kumpoteza mtu, na namna ya kumsaidia mwenzako. Baada ya mwaka, ni hili kundi la mwisho pekee lililoonyesha tofauti ya wazi: waliojaribu kujiua walikua kama nusu ya wale wa shule za mabango.

Kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu kijana akilemewa hamwambii babake wala mwalimu, humwambia rafiki, tena usiku bwenini, na humwapisha asiseme. Rafiki asiefundishwa atashika hiyo siri kwa mapenzi kabisa. Aliefundishwa anajua siri ya kufa haishikwi, na anajua ampelekee nani.

Alafu kuna ile hofu, ukimuuliza mtoto kama anafikiria kujiua si umempa wazo? Hapana. Marekani, jimbo la New York, mwaka 2005 ulitoka utafiti wa wanafunzi 2,342, baadhi waliulizwa swali hilo wazi, na hawakuzidi wale wasioulizwa kwa mawazo hayo wala kwa huzuni. Kwa hivyo uliza, kwa upole, mkiwa wawili, na utumie neno lenyewe usizunguke.

Kitu kingine kilichotufunga midomo hapa Kenya ni sheria. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu (Penal Code) kilifanya kujaribu kujiua ni kosa la jinai, ungeweza kufungwa mpaka miaka miwili, sasa mzazi gani angekuja shule aseme ukweli? Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba, na nashukuru sana, manake mtoto aliejaribu anahitaji kurudi darasani akapokewa, asinyooshewe kidole pale asembli, asiulizwe maswali na darasa zima, awe na mtu mzima mmoja wa kumuangalia kila siku hizo wiki za kwanza.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kumsomea dua msomee, ukitaka maombi sawa, lakini mpeleke na hospitali. Na wewe mwalimu, mwanafunzi akikwambia kwamba mwenzake ataka kufa, usimtume huyo mwenzake nyumbani peke yake na boda, kaa nae, piga simu kwao waje. Simu ya watoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.