Siri haimchoshi mtu pale anapoificha

Wengi hudhani uzito wa siri ni kuchunga ulimi mbele za watu. Sivyo. Utafiti wa Michael Slepian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, uliochapishwa 2017, ulikuta mtu wa kawaida ana siri kama 13, na 5 kati ya hizo hajamwambia yeyote. Lililonigusa zaidi: akili huirudia siri, mtu akiwa peke yake, mara nyingi kuliko anavyolazimika kuificha, na kurudia huko ndiko kunakoambatana na unyonge. Mwenye deni ambalo mwenzake halijui haulizwi kitu. Yuko anaosha vyombo, anapiga hesabu ileile tena. Akimweleza hata mtu mmoja anayemwamini, mawazo hayo hupungua.