Kwa nini DNA hujinyoosha inapobanwa?

Mkulima wa mihogo nchini Uganda akikuta majani yamejikunja na kupata mabaka ya manjano, anajua batobato imeingia shambani. Mlipuko ulioanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980 uliangamiza mashamba mengi, na ndani yake kulikuwa na kirusi kilichochanganya DNA za virusi viwili tofauti. Leo DNA kama hiyo husomwa kwa kifaa kinachotosha kiganjani, kwa kupitishwa kwenye tundu lenye upana wa nanomita moja hivi. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Sasa uzi mrefu uliojisokota unapenyaje hapo?

Tuanze na DNA ikiwa huru majini. Molekuli za maji huigonga kutoka kila upande bila kupumzika, nayo hupindapinda hadi ikawa donge legevu. Hakuna kani inayoivuta ijikunje. Ni hesabu tu: namna za kujikunja hazihesabiki, ya kunyooka kabisa ni moja. DNA ya kirusi kiitwacho lambda, kinachoshambulia bakteria, ina urefu wa mikromita 16 hivi ikinyooshwa (mikromita moja ni nanomita elfu moja), lakini majini donge lake halizidi sana mikromita moja au mbili.

Ukiisukuma kwenye mfereji mwembamba, hesabu inageuka. DNA ni ngumu kidogo. Katika kipande kifupi kuliko nanomita 50 haikubali kupinda kirahisi. Mfereji ukiwa mpana kuliko hapo, hujikunja kidogo huku ikisonga mbele. Ukiwa mwembamba zaidi, haina nafasi ya kugeuka nyuma, hivyo hulala ikiwa karibu imenyooka kufuata kuta, bila mtu kuivuta. Na ikiwa nusu imebaki nje, hutoka yote yenyewe, kwa sababu nje kuna namna nyingi zaidi za kukaa. Kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote: uhuru wenyewe unafanya kazi ya kani.

Ndiyo maana kuiingiza kunahitaji umeme. DNA ina chaji hasi, basi huvutwa kuelekea upande chanya. Ingeachwa ipite kwa kasi yake, herufi zake, yaani vijenzi vidogo vinavyobeba ujumbe wake, zisingesomeka. Kwa hiyo kimeng'enya hukaa mlangoni, hutenganisha nyuzi zake mbili na kupitisha mmoja, herufi 400 hivi kwa sekunde. Kila kikundi cha herufi kikiziba tundu, mkondo wa umeme hubadilika kwa namna yake, na kompyuta huyatafsiri mabadiliko hayo kuwa herufi za DNA ya kirusi hicho cha mihogo.