Ushirika wa Yellow Cab wa San Francisco: yanayosemwa na yaliyokuwa

Simulizi inayozunguka ni fupi: madereva waliungana, wakamiliki teksi zao, Uber ikaja ikawamaliza. Kila kipande chake kina kasoro, na kilicho kibaya zaidi ni hicho cha "wakamiliki".

"Yellow Cab ni kampuni moja yenye matawi kila mji"

John Hertz alianzisha Yellow Cab ya Chicago mwaka 1915, na jina na rangi vikaigwa kote Marekani. Kila mji ulikuwa na wenye kampuni wake, daftari lake na madeni yake. New York ndiyo inayochanganya watu: kule njano ni rangi ya lazima kwa teksi zinazoruhusiwa kupungiwa mkono popote mjini. Haimaanishi zote zina bosi mmoja.

"Ushirika ulizaliwa na itikadi"

Ulizaliwa na kufilisika. Yellow Cab ya San Francisco ilikuwa chini ya Westgate-California, kundi la makampuni ya tajiri wa San Diego, C. Arnholt Smith. Kundi hilo lilianguka miaka ya 1970, na mwishoni mwa 1976 teksi za njano zikasimama. Mwaka 1977 madereva wakanunua vibali vya kampuni iliyokufa na kuunda Yellow Cab Cooperative. Itikadi ilikuwepo, maana huo ulikuwa mji wa watu wa mrengo wa kushoto, lakini kilichofungua mlango ni mali ya mfilisiwa kuuzwa.

"Mwenye medalioni alikuwa na mali ya kurithisha"

Medalioni ni kibali cha kuendesha teksi moja, kinachotambulika kwa kibati chenye namba. Huko New York kiliuzwa na kurithiwa kama nyumba. San Francisco ilikata njia hiyo Juni 1978, wapiga kura walipopitisha Pendekezo K lililoandikwa na Quentin Kopp, mjumbe wa baraza la mji. Kibali kikawa mali ya umma: huuzi, humwachii mwanao, na lazima wewe mwenyewe uendeshe. Kipimo kilichotumika baadaye kilikuwa saa 800 kwa mwaka, au zamu 156 zisizopungua saa 4 kila moja. Saa 800 ni kama 15 kwa wiki, yaani karibu siku mbili za kazi. Zamu zilizobaki mwenye kibali aliruhusiwa kuzikodisha.

Kukipata bure kulikuwa na bei yake, nayo ni foleni. Watu walisubiri miaka kumi na zaidi, na wengi walifika mbele ya foleni wakiwa wazee. Mwaka 2010 mji wenyewe ukageuka na kuanza kuruhusu mauzo, kwa bei iliyopangwa ya dola 250,000. Madereva wakakopa. Tutarudi kwenye bei hiyo.

"Ushirika maana yake kila dereva ana kura"

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata wanaoandika kuhusu ushirika kwa kuusifu. Wenye hisa wa Yellow Cab Cooperative walikuwa hasa wenye vibali. Lakini gari la njano halikulala: lilitoka zamu mbili kwa siku, na dereva wa zamu kwa kawaida hakuwa mwanachama. Alifika yadi, akalipa ada ya zamu, akachukua ufunguo, akajaza mafuta kwa pesa yake. Dereva wa Dar es Salaam anaujua mpango huu bila kuelezwa: ni hesabu, yaani kiasi maalumu anachompelekea mwenye gari kila siku. Tofauti ni kwamba hesabu ya Dar hupelekwa jioni, na hii ililipwa kabla ya kuwasha gari, kwa hiyo hasara ya siku mbovu ilikuwa ya dereva peke yake.

Ushirika ulisisitiza kwamba hao ni wapangaji wanaojitegemea. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ya California ilikataa hoja hiyo katika dai la fidia ya kuumia kazini: mpangaji wa zamu ni mwajiriwa. Ajabu kidogo, ushirika wa madereva ukibishana mahakamani kwamba hauna madereva walioajiriwa.

Anayetaka kuona mfano mwingine aangalie Union Cab ya Madison, Wisconsin, iliyoanza 1979. Kule dereva, fundi wa gereji na mpokea simu wote ni wanachama, kila mtu kura moja. Neno ni lilelile "ushirika", mkataba wa ndani ni tofauti kabisa. Msomaji wa Kenya ana kipimo chake karibu: kanuni za 2014 zinaitaka SACCO ya matatu iwe na magari yasiyopungua 30, lakini hazimfanyi dereva wala kondakta wa skwodi, yule anayeshikilia gari kwa muda tu, kuwa mwanachama.

"Uber peke yake iliua"

Pigo la programu za simu lilikuwa la kweli. Takwimu za mamlaka ya usafiri ya mji, SFMTA, zilionyesha wastani wa safari kwa teksi moja ukishuka kutoka 1,424 kwa mwezi Machi 2012 hadi 504 Julai 2014. Gawanya kwa zamu 60 za mwezi: kutoka karibu abiria 24 kwa zamu hadi 8. Kwa mfano tu, tuseme hesabu ni dola 100 na kila abiria analipa 15. Abiria wanane ni 120. Toa mafuta, dereva ameendesha saa kumi kwa karibu bure. Kesho harudi. Gari linabaki yadi bila hesabu, lakini bima, kodi ya yadi na mishahara ya wapokea simu haipungui hata senti.

Kilichovunja mgongo ni madai ya ajali. Jina lililo mlangoni ndilo linaloshtakiwa, awe dereva mwanachama au deiwaka, yaani wa kushikilia kwa siku. Abiria aliyepooza katika ajali ya 2011 alipewa na baraza la mahakama takriban dola milioni 8. Januari 2016 ushirika ukaomba ulinzi wa mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi. Na hii nayo hueleweka vibaya: Sura ya 11 haifungi biashara, inawazuia wadai huku deni likipangwa upya. Teksi ziliendelea kubeba watu.

"Ulipouzwa, vibali viliuzwa pamoja nao"

Vibali vya Pendekezo K havikuwa vya ushirika, kwa hiyo usingeweza kuviuza. Mnunuzi wa 2017, kampuni nyingine ya teksi ya mji huohuo, alilipa dola 810,000 kwa biashara yenyewe, jina likiwemo. Hiyo haifiki bei ya medalioni nne kwa ile bei ya 2010. Na kwa wakati huo medalioni nazo hazikuwa na wanunuzi, ila waliozikopea walikuwa bado wanalipa.