Acheni Kuweka Pamba Kidondani: Dhana Potofu Kuhusu Vitambaa na Nyuzi za Hospitali

Nimebandua pamba kwenye vidonda vya watu mpaka nimechoka kumweleza mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika. Mwenye mguu wa kisukari, mtoto aliyemwagikiwa na uji, mkulima aliyejikata na jembe: kila mmoja anafika kliniki ya vidonda na habari yake, lakini juu ya kidonda nakuta kitu kilekile, kimegandamana na nyama na rangi yake imeshageuka kahawia. Nikiuliza, jibu halibadiliki. "Si pamba, sista? Pamba ni laini."

"Pamba ni laini, kwa hiyo ndiyo inayofaa kidonda"

Hapana. Ulaini hausaidii kidonda. Cha kujiuliza kabla hujaweka chochote ni hiki: siku ya kukitoa, kitatoka chote?

Pamba ya bunda inayouzwa duka la dawa ni nyuzinyuzi fupi, za sentimita mbili au tatu hivi, zilizochanwa na kulazwa pamoja. Hazikusokotwa kuwa uzi, hazikufumwa kuwa kitambaa. Zimeshikana kwa kukumbatiana tu. Zikikutana na damu au majimaji ya kidonda, zinazama humo, na majimaji yakikauka zinabaki zimezikwa. Ukivuta, pamba inakatika: upande mmoja unatoka na ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota, upande mwingine unabaki ndani. Mgonjwa anapiga kelele, damu inachuruzika, na kidonda kilichokuwa kinapona kinarudi nyuma.

Hicho kinachobaki ndani ndicho kinachoniudhi zaidi, kwa sababu hakionekani. Mwaka 1957 watafiti wawili wa Uingereza, Elek na Conen, waliwadunga watu waliojitolea bakteria wa stafilokokasi chini ya ngozi ili wajue wanahitajika wangapi ndipo usaha utunge. Kwenye ngozi isiyo na kitu walihitajika mamilioni. Palipowekwa uzi wa hariri, walitosha mia kadhaa tu.  Kosa lake lilikuwa kuwepo pale. Mwili ukikuta kitu kigeni, askari wake wa damu wanashughulika nacho na wasikimalize, na bakteria wanapata pa kujificha. Sasa fikiria kidonda chenye mamia ya nyuzinyuzi za pamba zilizosahaulika ndani yake.

Kwa mwenye kisukari hatari ni kubwa zaidi. Mguu wake mara nyingi umekufa ganzi, hivyo maumivu yaliyopaswa kumshtua hayapo. Anabandika pamba, anavaa soksi, anaendelea na kazi zake. Wa kwanza kugundua ni watu wa nyumbani, kwa harufu. Nimeona vidole vikikatwa kwa sababu ya vidonda vilivyoanza na kiatu kilichobana na bonge la pamba, na kila mara naumia, maana kilichohitajika mwanzoni kilikuwa kidogo sana.

Kinachofaa ni shashi, kile kitambaa cheupe chenye matundu. Nacho ni cha pamba, lakini nyuzi zake zimesokotwa, zikafumwa, na kingo zikakunjwa kwa ndani ili zisichambuke. Kinakaa kipande kimoja na kinatoka kipande kimoja. Hata hivyo shashi kavu nayo hugandamana. Kwa kidonda kilicho wazi, omba shashi iliyopakwa mafuta ya parafini, ile ya utando wa mafutamafuta inayouzwa kwenye pakiti bapa. Iguse kidonda yenyewe, juu yake iwekwe shashi ya kawaida ya kunyonya, kisha bendeji. Ukiikosa, loanisha shashi kwa maji ya chumvi na uibadilishe kabla haijakauka.

Hapa ndipo ninapobishiwa. "Sista, si kidonda kinatakiwa kikauke? Si kiachwe wazi kipate hewa?" Dhana hii na ile ya pamba ni pacha, maana watu wanaipenda pamba kwa vile wanaiona inakausha. Lakini seli za ngozi mpya husogea kutoka kingoni kuelekea katikati, na husogea vizuri palipo na unyevu. Kidonda kikikauka kinatengeneza gaga, na seli zinalazimika kupita chini kabisa ya gaga hilo kutafuta unyevu. Mwaka 1962 George Winter alichapisha majaribio yake katika jarida la Nature: kwenye ngozi ya nguruwe, vidonda vidogo vilivyofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki viliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa wazi. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado naambiwa nianike mguu wa mgonjwa juani.

Unyevu ninaousema si kulowana. Ngozi ya pembeni ikigeuka nyeupe na kukunjamana, umezidisha. Na kuna hali moja ambayo mimi mwenyewe nitakuambia uache pakavu: kidole cha mwenye kisukari kilichokwisha kuwa cheusi na kukauka. Hicho usikiloweshe, usikikande, kipeleke hospitali kilivyo.

Kama pamba imeshaganda, usivute. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Mimina polepole juu ya pamba, subiri dakika kumi, mimina tena. Inayoachia yenyewe, itoe. Inayokataa, njoo nayo. Ninachowasihi ni hicho, na wengi hawanisikii kwa sababu wanaona aibu kufika kliniki kidonda kikiwa hakijasafishwa. Njooni hivyohivyo. Kusafisha ni kazi yetu.

Pamba ina mahali pake, sijasema itupwe. Ni nzuri kwa spiriti kabla ya sindano, maana ngozi pale ni nzima. Ni nzuri chini ya hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, kukinga ngozi isichubuke pale ambapo mfupa umeinuka chini yake. Ni nzuri pia kama tabaka la nje la kunyonya, ikiwa imefungiwa ndani ya shashi. Joseph Sampson Gamgee, daktari wa upasuaji wa Birmingham, alibuni mpango huo mwaka 1880: pamba katikati, shashi pande zote mbili. Wakati ule tayari alijua kwamba haipaswi kugusa kidonda ikiwa uchi.

Aliyeungua nyumbani hana shashi ya mafuta, najua. Basi maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha funika kwa kanga safi iliyofuliwa, ikiwa na unyevu kidogo, au kwa ile plastiki nyembamba ya kufungia chakula, ilazwe juu bila kuzungushwa kwa kukaza. Dawa ya meno na ute wa yai viacheni jikoni. Kanga ya zamani iliyofuliwa mara nyingi haichambuki na haiachi manyoya. Kwa safari ya kwenda hospitali, naichagua hiyo kuliko bunda zima la pamba.

"Pamba yoyote ni pamba"

Kuna wanaochomoa pamba ya mto au godoro kuzuia damu. Pamba inavyotoka shambani ina nta ya asili juu ya kila uzi, na nta haitaki maji. Ile ya hospitali imechemshwa kwa magadi makali na kupaushwa mpaka nta ikatoka, ndiyo maana inanyonya. Sufi ndiyo mbaya zaidi. Nyuzi zake ni mirija yenye hewa ndani na nta nje, na kwa sifa hiyo zilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu majini. Kitu kinachoelea hakiwezi kunyonya damu yako. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usifunuefunue kuchungulia, na mtu akimbie kutafuta usafiri.

"Ikiwa nyeupe na mpya, imetakaswa"

Weupe ni kazi ya kupausha. Kutakasa ni jambo jingine: mvuke wenye shinikizo, nyuzijoto 121 kwa dakika 15 au zaidi, au 134 kwa dakika chache, ndani ya pakiti inayobaki imefungwa. Bunda kubwa la pamba au rola la shashi linalokatwa dukani kwa mkasi wa kaunta halikupitia hayo, na hata kama lilipitia, lilichafuka lilipofunguliwa. Soma pakiti. Kuchemsha kitambaa kwenye sufuria kunaua vingi lakini mbegu za pepopunda huvumilia, na pasi haitoshi. Ndiyo maana tunauliza habari za chanjo ya pepopunda hata kidonda kikiwa kidogo.

"Nyuzi za asili ni bora kuliko za plastiki"

Hili nalisikia kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, na ukanda wa pwani huja na swali la pili: eti uzi wa kushonea unatokana na nguruwe? Uzi wa asili unaoyeyuka, unaoitwa katigati, hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Jina la Kiingereza, catgut, lina neno la paka, lakini paka hahusiki, na nguruwe hahusiki. Ila hausifiwi kwa kuwa wa asili. Mwili unaumeng'enya kwa vimeng'enya, eneo linavimba kidogo, na muda wa kuisha hautabiriki sana. Uzi wa asidi ya poliglikoliki, uliotengenezwa kiwandani na kuingia hospitalini karibu na mwaka 1970, huvunjwa na maji ya mwili yenyewe kwa utaratibu unaojulikana, na mwili haupigani nao sana.

Nailoni haiyeyuki. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaokaa nazo miezi wakingojea ziishe. Usoni hutolewa baada ya siku tano hivi, kichwani saba hadi kumi, miguuni kumi hadi kumi na nne. Ukiondoka hospitali, uliza maswali mawili: uzi gani umetumika, na narudi lini. Yaandikwe kwenye karatasi.

"Mwani unatibu vidonda, kwa hiyo tuanike tujifunge"

Msingi wake ni wa kweli. Ipo shashi laini ya nyuzi za alijineti, chumvi ya kalisiamu inayotokana na mwani wa kahawia. Ikikutana na majimaji ya kidonda, kalisiamu inabadilishana na sodiamu, nyuzi zinageuka jeli, na siku ya kubadilisha unaiosha ikatoka bila kuvuta. Kwa kidonda chenye majimaji mengi naipenda kuliko zote, bei ndiyo kikwazo. Lakini mwani unaolimwa Zanzibar, ule wa Paje na Jambiani, ni wa jamii ya mwani mwekundu, nao hutoa karajini, si alijineti. Na hata ungekuwa wa kahawia, mwani mbichi uliotoka baharini una mchanga na vijidudu. Usiufunge kidondani.

"Barakoa ya hospitali ifuliwe, ikauke, ivaliwe tena"

Tabaka lake la katikati ni nyuzi nyembamba mno za polipropilini zilizotiwa chaji ya umeme, na chaji hiyo ndiyo inayokamata chembe ndogo. Sabuni inaiondoa. Kinachobaki kinaonekana barakoa, lakini uchujaji umeshuka. Ya kitambaa ndiyo ya kufua.

"Wanakuwekea neti ya mbu tumboni"

Mzee mmoja alikataa upasuaji wa ngiri kwa maneno hayo, na sikumlaumu, maana hakuna aliyemweleza. Ngiri ya kinena hurekebishwa kwa wavu wa nyuzi za plastiki unaoshonewa mahali palipolegea. Nyama ya mwili huota kupitia matundu yake, ukuta unakuwa imara, na uwezekano wa ngiri kurudi unapungua kuliko ukishona nyama kwa nyama. Wavu wa kibiashara ni ghali, ndipo madaktari wakajaribu kitambaa cha polithini cha aina inayotengenezewa vyandarua, kisichotiwa dawa ya kuua mbu, kikatakaswa kwa mvuke. Utafiti mmoja ulifanyika Uganda kwa wanaume 302 na kuchapishwa mwaka 2016 katika New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja kati ya waliowekewa wavu wa bei nafuu, na hapakuwa na hata mmoja kati ya waliowekewa wa kibiashara. Tofauti hiyo haina uzito kitakwimu, na matatizo mengine hayakutofautiana sana.

Kwa hiyo mzee alikuwa na sehemu ya ukweli. Chandarua cha kitandani kwake chenye dawa hakiwezi kuingia tumboni mwa mtu, lakini wavu wa plastiki ileile, ukichaguliwa na kutakaswa ipasavyo, unaweza, na unafanya kazi. Akimuuliza daktari wake ni wavu wa aina gani na umetakaswa vipi, ana haki ya kujibiwa kabla hajatia sahihi.