Aliyefua si aliyetengeneza

Juzi nimemsikia tena mtu akiigeuza risiva ya bunduki ya AR-15 mkononi, akaweka kidole kwenye alama ndogo yenye umbo la tundu la ufunguo, akasema, "Hii imetengenezwa na Cerro." Waliokuwa karibu wakakubali. Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno sasa, na linanikera hasa kwa sababu Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kutuepusha na kosa hilo.

Risiva ni kile kiunzi cha katikati ya bunduki kinachobeba kifyatulio na kushika mtutu. Ya AR-15 ina vipande viwili, cha juu na cha chini, na kwa kawaida vyote ni vya alumini. Alama ya ufuaji ni alama inayoachwa na kalibu pale alumini iliyopashwa moto inapogandamizwa ipate umbo. Maana yake ni hiyo tu.

Sasa tuangalie maneno. Kufua ni kupiga au kusukuma kitu kwa nguvu. Tunafua nguo, tunafua nazi kwenye kifuo, mhunzi anafua chuma juu ya fuawe. Kusubu ni kitu kingine: unayeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu kama uji. Kuchonga ni kupunguza, kuondoa kisichotakiwa mpaka kibaki kinachotakiwa. Na kutengeneza kumetoka kwenye kutengenea, yaani kuwa sawa, kukaa vizuri. Anayetengeneza ni yule anayekifikisha kitu mahali pa kufanya kazi yake.

Kipande kinachotoka kwa mfuaji hakijatengenea hata kidogo. Hakina tundu la pini, hakina nafasi ya kifyatulio, hakina hata pa kuingiza magazini ya risasi. Kina umbo la nje tu, kama mkate ambao bado ni donge. Mfuaji, kama hao Cerro Forge wa Marekani wenye alama ya tundu la ufunguo, huviuza vipande hivyo kwa kampuni nyingi. Kila kampuni inachonga kwa mashine zake na kwa vipimo vyake, kisha kipande kinatiwa gamba gumu la nje. Ndiyo maana bunduki za majina tofauti kabisa zinakutwa na alama moja ya ufuaji. Na kampuni moja inaweza kununua kwa mfuaji huyu leo na kwa mwingine kesho, kwa hiyo ukisoma alama hiyo kurudi nyuma hufiki kwa aliyechonga.

Sheria ya Marekani nayo inatofautisha hivyo hivyo. Kipande kilichofuliwa tu, ambacho hakijachongwa, hakihesabiwi kuwa silaha. Kwenye AR-15 kinachohesabiwa ni risiva ya chini, na aliyeitengeneza ndiye anayepaswa kuiandika namba yake, jina lake, mji wake na jimbo lake. Risiva ya juu haidaiwi namba. Nadhani mkanganyiko unaanzia hapo: mtu anatazama kipande cha juu, haoni jina, anaona tundu la ufunguo, basi analifanya kuwa jina.

Pitisha ukucha juu ya alama zote mbili. Ya ufuaji kwa kawaida imevimba, kwa sababu ilichimbwa kwenye kalibu na alumini ikaingia humo. Namba na jina vimezama, kwa sababu vilichorwa baadaye juu ya kipande kilichokwisha kuchongwa. Hata gizani ungezijua.

Si jambo la AR-15 peke yake. Finland ilijenga bunduki zake za Mosin-Nagant, aina ya zamani ya Kirusi, juu ya risiva zilizotoka Urusi. Ukiifungua mojawapo, M39 ya kampuni ya Kifini ya Sako, ukatazama chini ya mkia wa risiva, unaweza kukuta alama ya viwanda vya Urusi vya Tula au Izhevsk na mwaka wa zamani kuliko bunduki yenyewe. Hakuna anayeijua bunduki hiyo akaiita ya Tula.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona tundu la ufunguo, sema imefuliwa na Cerro, na utakuwa umesema kweli. Ukitaka kujua bunduki imetengenezwa na nani, shuka kwenye risiva ya chini, usome yale maandishi yaliyozama.