Raha ya usukani: Vitz ya Pemba na gari za misuli za Marekani

Neno usukani tumelitoa baharini. Kabla gari haijashushwa bandarini Unguja, usukani ulikuwa ule ubao wa nyuma ya chombo, unaozungushwa kwa mpini uitwao kana, na nahodha alijua mengi kwa mkono ulioshika kana hiyo: maji yanavyosukuma, tanga linavyovuta, na lini chombo kinataka kukataa. Raha ya usukani, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni jambo hilo hilo likiwa barabarani. Si mwendo peke yake, wala si starehe ya kiti na kiyoyozi. Ni gari kukwambia inachofanya, wewe ukaijibu, nayo ikakusikia.

Barazani kwetu raha hii hupimwa kwa nguvu za farasi. Akitajwa mtu mwenye gari ya injini ya lita 7, mwenye Vitz hunyamaza. Mimi nadhani hana haja ya kunyamaza.

Chukua barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake. Ni kama kilomita 30, na ukiacha mji tu vilima vinaanza: unapanda, unakata kona, unashuka baina ya mikarafuu, halafu kona nyengine ambayo hukuitarajia. Nimeipita mara nyingi kwa Vitz ya gia za mkono, ile ya toleo la mwanzo lililotoka 1999, yenye injini ya lita 1 na nguvu za farasi 70 tu. Karibu na Mtambile unashuka na gia ya tatu, unagusa breki kabla ya kona, unarudi ya pili, unageuza. Kwa nusu sekunde uzito unaegemea gurudumu la mbele upande wa nje, na usukani unakuwa mzito kidogo mkononi. Ule uzito ni habari njema: tairi imeshika. Ukizidisha mwendo, usukani huanza kuwa mwepesi, kama umegeuka wa plastiki, na mkono unajua tairi inateleza kabla jicho halijaona kitu. Basi unapunguza mafuta, na uzito unarudi. Yote hayo kwa kilomita 50 kwa saa, pengine 60, huku pembezoni karafuu zimeanikwa kwenye majamvi na watoto wa skuli wanarudi kwao.

Siri iko kwenye uzito wa gari. Vitz hiyo haifiki tani moja. Gari nyepesi haihitaji nguvu nyingi kuikokota, breki zake hazina mzigo mkubwa wa kuzuia, na ikigeuzwa hugeuka mara moja. Ngarawa na jahazi zote zina usukani, lakini anayetaka kucheza na upepo hupanda ngarawa.

Babu wa vigari hivi ni Mini ya Uingereza ya 1959. Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita vya 1956, mafuta yalikuwa adimu huko, na Alec Issigonis akapewa kazi ya kubuni gari ndogo isiyotumia mafuta mengi. Aliilaza injini kwa mapana na kuyapeleka magurudumu kwenye pembe nne kabisa, ili watu wapate nafasi ya kukaa. Hakukusudia mashindano. Lakini gari hiyo ilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, kwenye milima yenye barafu, ikiziacha nyuma gari zenye nguvu kuliko yeye.

Mwaka huo huo wa 1964, Marekani walikuwa wanakwenda njia nyengine. Kampuni ya Pontiac ilitoa GTO: gari ya ukubwa wa kati iliyotiwa injini ya gari kubwa, silinda nane, lita 6.4, nguvu za farasi 325. Wenyewe Wamarekani wakaziita gari za misuli, na wengine wakafuata, kila mmoja na injini kubwa kuliko ya jirani. (Namba zile zisikutishe sana. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 injini ilipimwa nje ya gari, bila ya kubebeshwa vifaa vyake vyote. Kipimo kilipobadilishwa, farasi wengi walitoweka kwenye karatasi kwa siku moja.)

Mtoto wa ami yangu anayeishi Maskati ana Mustang ya 1969, moja ya gari hizo za misuli, yenye injini ya lita 7, na aliwahi kunipandisha kwenye barabara ya kuelekea Sur. Sitaki kuidharau raha ile, kwa sababu ni ya kweli. Gari imesimama, injini inanguruma polepole, na mwili mzima wa gari unayumba kushoto na kulia kwa kila pigo. Alipokanyaga mafuta boneti iliinuka, tairi za nyuma zikalia, na mimi nikagandishwa kitini. Sauti ile niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Hakuna Vitz itakayokupa hayo.

Lakini ilipofika kona alipunguza mwendo mapema, mapema sana, kama mtu anayeegesha meli. Pua ni nzito kwa ile injini, nyuma kuna mabamba ya springi kama ya lori, na usukani unazungushwa mara nyingi ndipo gari igeuke. Gari ile ilizaliwa kwa barabara pana zilizonyooka, kama Woodward Avenue ya Detroit ambako vijana walishindana usiku kutoka taa moja mpaka nyengine. Hebu ilete Pemba: dereva amekaa kushoto, nasi tunaendesha upande wa kushoto, mbele kuna daladala ya chai maharage imejaa abiria. Ili aone kama njia ni tupu, lazima atoe nusu ya gari nje. Nguvu zote zile zingelala chini ya boneti bila ya kazi.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: ni sehemu gani ya gari yako unaweza kuitumia kwenye barabara uliyonayo? Kwa Vitz, karibu yote. Kwa Mustang, kipande kidogo tu.

Nisiwapendelee wadogo kupita kiasi. Vigari vingi vya miaka ya karibuni vimenyamazishwa. Usukani unasukumwa na mota ya umeme, mwepesi kwenye maegesho lakini haukwambii kitu kuhusu barabara. Gia za mkanda, zisizo na hatua, huifanya injini ipige kelele kwanza na mwendo ufuate baadaye. Gari ya namna hiyo inakutii, ila haizungumzi nawe, na hapo raha ninayoieleza haipo hata kama gari ni ndogo.

Na mara nyengine kosa si la gari. Nyingi tunazonunua zimekwisha tumika, zinafika na shokapu zilizokufa na boljointi zinazocheza, nasi tunasema "hizi ndivyo zilivyo". Mpelekee fundi gari yako abadilishe vitu hivyo, upime upepo wa tairi zote nne, upige alaimenti, kisha uirudishe kwenye kilima kile kile cha Mtambile, gia ya pili, na usikilize kwa mikono.